Ujumbe wa Malipo Hautoshi: Tunza Ushahidi wa Gharama za Biashara Yako

Ukilipia bidhaa kwa simu, unapata ujumbe papo hapo: kiasi, saa, jina la aliyepokea. Wateja wetu wengi huona hapo kazi imeisha. Lakini wakati wa kujaza ritani ya KRA ukifika, ndipo swali linapokuja: hizo pesa zilinunua nini?

Ujumbe wa simu unaonyesha kwamba pesa zilitoka kwako zikaenda kwa mtu fulani. Hauonyeshi kama ulinunua mafuta ya gari la kazi au ulilipia nyama ya Jumapili. Sheria hukubali kupunguza kutoka kwa mapato gharama zilizotumika kutafuta mapato hayo tu. Na mzozo ukitokea, jukumu la kuthibitisha ni lako wewe, si la KRA.

Ankara ya eTIMS

Tangu 1 Januari 2024, gharama nyingi za biashara hazikubaliwi bila ankara ya eTIMS. Kuna chache zisizohitaji, kama vile mishahara, riba na bidhaa ulizoagiza kutoka nje ya nchi, ingawa hata hizo zina karatasi zake.

Tuangalie hesabu. Kampuni yako inalipa kodi ya asilimia 30 ya faida. Mwaka huu ulinunua spea za Sh200,000, ukalipa kwa till, lakini hukuchukua ankara. Gharama hiyo ikikataliwa, faida yako inapanda kwa Sh200,000 kwenye hesabu, na unalipa kodi ya ziada ya Sh60,000. Pesa ulishatumia, na bado unazilipia kodi!

Je, niko kwenye TOT?

Kama unalipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, hukati gharama zozote. Hata hivyo rekodi bado ni lazima, na mteja wako mwenye biashara atakuomba ankara.

Fanya hivi kuanzia leo

1. Omba ankara kabla hujalipa. Mwuzaji akikwambia "risiti utapata kesho, boss", kumbuka kesho ina mambo yake.
2. Mpe PIN ya biashara yako, kisha hakikisha imeandikwa sawasawa kwenye ankara.
3. Unanunua kwa mkulima au mwuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka? Mnunuzi anaweza kuandaa ankara kwenye eTIMS, naye mwuzaji akaithibitisha.
4. Tenganisha laini. Pesa za nyumbani na za duka zikipita njia moja, hata wewe mwenyewe utachanganyikiwa.
5. Kila mwisho wa mwezi, pakua taarifa ya malipo yako. Linganisha kila malipo na ankara yake. Iliyokosekana, ifuatilie ukiwa bado unamkumbuka mwuzaji.
6. Piga picha risiti za karatasi, kwa sababu wino wake hufifia. Hifadhi kumbukumbu zote kwa miaka 5.

Ritani za mwaka wa Januari hadi Desemba hufungwa 30 Juni. Usingoje wiki hiyo ndipo uanze kupigia wauzaji simu. Leo jioni, fungua malipo yako ya wiki hii, uhesabu ni mangapi yana ankara. Mali bila daftari hupotea bila habari.