Hewa ya Nyanda za Juu na Injini ya Mipigo Miwili: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu Nyumbani

Injini ndogo ya mipigo miwili inafahamika vizuri katika maeneo ya Njombe na Makambako. Ni kweli kwamba pikipiki nyingi zinazobeba abiria siku hizi ni za mipigo minne. Hata hivyo injini ya mipigo miwili ingali inafanya kazi katika misumeno ya cheni inayoangusha misindano na milingoti, na katika pikipiki za zamani za njia mbaya ambazo wenyewe hawajakubali kuachana nazo. Injini hiyo ikizima kazini, mwenyewe hupoteza ujira wa siku. Na akiitengeneza kwa kubahatisha, aghalabu hupoteza pistoni na silinda vilevile.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji utaratibu wa kutafuta hitilafu kwa vifaa vya kawaida: spana ya plagi, bisibisi, koleo, tambaa safi na chupa ya kioo. Pia yataeleza jambo moja ambalo kwa mkazi wa Njombe ni kubwa kuliko anavyodhani, nalo ni mwinuko wa nchi yake kutoka usawa wa bahari.

Injini hii inavyofanya kazi

Umbo la injini tunayoizungumzia lilibuniwa na Joseph Day, mhandisi wa mji wa Bath, Uingereza, aliyeomba hataza yake mwaka 1891. Uzuri wake ni kwamba pistoni hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inapopanda, upande wake wa juu hushindilia mchanganyiko wa hewa na petroli, na upande wake wa chini huvuta mchanganyiko mpya kutoka kwenye kabureta uingie katika nyumba ya krenki. Plagi inapotoa cheche, mchanganyiko ulioshindiliwa huwaka na kuisukuma pistoni chini. Pistoni ikishuka hufunua kwanza tundu la ekzosi, moshi ukatoka. Kisha hufunua matundu ya kupitishia, na mchanganyiko uliobanwa chini ukapanda silindani. Hivyo kila mzunguko mmoja wa krenki una mwako wake, ilhali injini ya mipigo minne huhitaji mizunguko miwili.

Kutokana na umbo hilo twapata mambo mawili ya kukumbuka daima. La kwanza, nyumba ya krenki ni sehemu ya njia ya hewa. Ikivuja, injini haitakwenda sawasawa. La pili, oili haiwezi kuwekwa katika nyumba hiyo kama ilivyo katika injini ya mipigo minne. Sharti ipite pamoja na petroli, ama kwa kuchanganywa ndani ya tangi, ama kwa kusukumwa na pampu ndogo. Injini isiyopata petroli ya kutosha, basi, haipati oili ya kutosha pia.

Kiasi cha oili hufuata agizo la mtengenezaji. Ikiwa agizo ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, kila lita 1 ya petroli yahitaji mililita 40 za oili, na lita 5 zahitaji mililita 200. Ikiwa ni moja kwa 50, kiasi hicho hupungua nusu. Wako wanaoongeza oili kwa nia njema, wakidhani kwamba zaidi ni bora. Yapasa wajue kwamba oili iliyozidi huchafua plagi, na tena huchukua nafasi ya petroli katika jeti, hata mchanganyiko unaoingia silindani ukawa na petroli pungufu.

Maswali manne kabla ya kushika spana kubwa

Injini isipowaka, au ikiwaka bila nguvu, tujiulize maswali manne kwa mpangilio huu, wala tusiruke hata moja.

*Je, petroli inafika, tena ni safi?* Chukua petroli kidogo ambayo bado haijachanganywa na oili, uitie katika chupa ya kioo na kuiacha itulie. Maji, yakiwapo, yatakaa chini na mpaka wake utaonekana. Kisha dondoshea tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi. Ikibaki alama ya mafuta, huenda imechanganywa na dizeli au mafuta ya taa. Baada ya hapo chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, kinga kwa chombo, na uone kama inatiririka bila kukatika. Ikichuruzika kidogo kisha ikakoma, fungua kifuniko cha tangi. Ikianza tena kutiririka, ujue kitundu cha kupitishia hewa katika kifuniko hicho kimeziba.

*Je, cheche ipo?* Kwanza ondoa kila petroli iliyo karibu. Fungua plagi, irudishe katika kofia yake, uigusishe kwenye chuma cha silinda mbali na tundu lake, maana ukungu wa petroli unaotoka tunduni waweza kuwaka. Piga kiki ukiwa kivulini. Cheche nzuri ni ya samawati na huruka kwa mlio. Cheche nyekundu na dhaifu haitoshi. Jaribu plagi nyingine inayojulikana kuwa nzima kabla ya kulaumu koili.

*Je, mbano upo?* Kwa kidole gumba ziba tundu la plagi, swichi ikiwa imezimwa, kisha piga kiki. Mbano mzuri hukisukuma kidole kwa nguvu. Ukiwa dhaifu, tia kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda, zungusha injini taratibu, ujaribu tena. Nguvu ikiongezeka, ringi au silinda zimelika. Isipoongezeka, chunguza gasketi ya kichwa cha silinda.

*Je, moshi unapata njia?* Oili inayoungua huacha masizi magumu katika tundu la ekzosi na ndani ya bomba lake. Injini yenye ekzosi iliyoziba huwaka vizuri, lakini ikipewa mzigo hukata tamaa. Katika msumeno wa cheni, wavu mdogo wa kuzuia cheche huziba mapema zaidi.

Plagi ni shahidi

Plagi ni kipande pekee kinachokaa ndani ya moto na ambacho twaweza kukitoa kwa dakika moja tukakitazama. Rangi ya kahawia kwenye kauri yake yaashiria mwako mzuri. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli imezidi hewa, au chujio la hewa limeziba kwa vumbi. Weusi wenye majimaji ya mafuta ni dalili ya oili nyingi au cheche dhaifu. Kauri nyeupe sana, yenye vichembe vinavyong'aa, ni onyo kubwa: hewa imezidi petroli, na pistoni imeanza kuungua.

Ili ushahidi huo uwe wa kuaminika, ichoshe kwanza injini kwa kupanda mlima katika barabara tupu. Kisha kamata klachi na uzime swichi papo hapo, usimame, uitoe plagi ukiwa umevaa glavu. Plagi iliyotolewa baada ya injini kunguruma pole kwa dakika kumi haielezi habari za mlimani.

Hewa ya Njombe na hewa ya Ziwa Nyasa

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako, ambako barabara ya Songea huungana na barabara kuu na reli ya TAZARA, iko takriban mita 1,700. Katika kimo cha mita 2,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 78 tu ya ile ya pwani. Ujazo uleule wa silinda huingiza hewa chache zaidi kwa uzani, nayo kabureta haipunguzi petroli kwa kiasi kilekile. Matokeo yake ni mawili. Injini hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na mchanganyiko huwa na petroli nyingi kuliko inavyotakiwa.

Hasara ya nguvu si ugonjwa, wala hakuna spana iwezayo kuiondoa. Watu wengi wamefungua injini nzima wakitafuta hitilafu isiyokuwapo. Asubuhi za baridi za mwezi Juni na Julai huongeza taabu, kwa kuwa petroli baridi haigeuki mvuke kwa urahisi; hapo choki yahitajika kwa muda mfupi, kisha ifungwe.

Ama kuhusu petroli kuzidi, dawa yake ni halali: jeti kuu ndogo zaidi, au sindano ya kabureta ishushwe kwa kukihamishia kibanio chake mfuo mmoja juu. Katika msumeno wa cheni kazi hiyo hufanywa kwa skrubu. Injini iliyopunguziwa petroli huchangamka, huitikia upesi, wala haitoi moshi mwingi. Hapo ndipo penye mtego. Mwenye pikipiki hufurahi, akapunguza tena kidogo, na tena kidogo.

Sasa tumfuate mtu huyo anapoteremka kupitia Ludewa hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko karibu mita 475 tu juu ya bahari. Asubuhi ya Njombe, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzani wa pungufu kidogo ya kilo 1. Ufukoni, hata kwa joto la huko, ina uzani wa takriban kilo 1.1. Injini sasa yavuta hewa nzito zaidi kwa jeti ileile ndogo. Petroli yapungua, na oili iliyomo ndani yake yapungua pamoja nayo. Joto la mwako lapanda. Aluminiamu, ambayo ndiyo madini makuu ya pistoni, huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na hulainika mapema kabla ya kufikia kiwango hicho. Pistoni hupanuka, hukwaruza silinda, na injini hunoki kama wasemavyo mafundi. Pengine hutobolewa utosini.

Kuna hatari nyingine katika mteremko mrefu. Dereva akifunga mafuta na kuiachia injini imshikie pikipiki kwa gia, krenki yazunguka kwa kasi huku petroli yenye oili ikiingia kidogo mno. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa magari ya mipigo miwili, kama Saab ya Sweden na Wartburg ya Ujerumani Mashariki, waliyawekea kifaa cha kuiwezesha injini kunguruma pole wakati gari linateremka. Dereva wa pikipiki afanye hivi: ateremke polepole, atumie breki, na kila baada ya muda mfupi afungue mafuta kidogo ili pistoni ipate oili.

Kanuni, basi, ni hii: rekebisha kabureta kwa ajili ya mahali pa chini kabisa utakapofika, au uibebe jeti kubwa na kuibadilisha kabla ya kuteremka. Moshi kidogo Njombe una gharama nafuu kuliko pistoni iliyoyeyuka ufukoni.

Dalili za hewa ya wizi

Mara nyingine petroli huonekana kupungua ingawa hakuna aliyegusa kabureta. Injini hupanda kasi yenyewe, na mafuta yakifungwa hukawia kutulia. Yawezekana hewa inaingia pasipo njia yake, kupitia gasketi ya kabureta au sili ya krenki iliyokauka. Sili ya upande wa giaboksi ikipasuka, dalili huwa nyingine: moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto, na oili ya giaboksi inayopungua bila kudondoka chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta; sili moja ni bei ndogo kuliko krenki.

Ikibidi kufungua silinda

Subiri injini ipoe kabisa. Legeza nati za kichwa kidogo kidogo kwa kukingamanisha, ili kisipinde. Masizi yakwanguliwe kwa kijiti cha mti mgumu au mwanzi, kamwe si kwa bisibisi. Kabla ya kuichomoa pistoni, ziba mdomo wa nyumba ya krenki kwa tambaa safi, kwa maana kibanio cha pini kikiangukia humo, kazi ya saa moja hugeuka ya siku tatu.

Wakati wa kurudisha, tazama mshale ulio juu ya pistoni: katika injini nyingi huelekea ekzosi. Ncha za kila ringi zikumbatie kipini kidogo kilichomo katika mfuo wake. Zikikaa pengine, zitanasa katika matundu ya silinda na kuvunjika. Vibanio vya pini viwe vipya. Kaza nati kwa kukingamanisha, kwa nguvu iliyoagizwa na mtengenezaji.

Kazi hii ifanyiwe mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, wala injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama nje kuna baridi kali, kwa kuwa moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi inayoua bila kunusika.

Zoezi kwa msomaji

Weka daftari dogo pamoja na vifaa vyako. Kila utoapo plagi, andika tarehe, mahali, hali ya hewa, jeti iliyomo, kipimo cha oili na rangi ya kauri. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Anayebadilisha plagi, jeti na chujio kwa mkupuo mmoja, injini ikipona hajui kilichoiponya, na ikiugua tena ataanza upya. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuonyesha jeti ifaayo Njombe, ifaayo Makambako, na ile ambayo ni lazima uwe nayo mfukoni unapoteremka kwenda ziwani.