Kifaa Kiko Urambo, Mtaalamu Yuko Dar

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu, tukisikia neno uziwi akili inakimbilia kwa mtoto na lugha ya alama. Leo naomba tumfikirie mtu mzima. Chukua mkulima wa tumbaku wa kwetu Urambo: amepoteza usikivu ukubwani baada ya homa ya uti wa mgongo, akawekewa kipandikizi cha koklea.

Kwanza tuelewane. Kipandikizi si kile kifaa cha kawaida kinachokuza sauti. Sehemu ya nje, nyuma ya sikio, inanasa sauti. Ya ndani, chini ya ngozi, inapeleka umeme mdogo moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Muhimbili ilianza upasuaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India.

Ishu ni kwamba upasuaji ni mwanzo tu. Umeme ule lazima urekebishwe mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kifaa kikaguliwe maisha yote. Urambo hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900 kwa reli. Ukijumlisha nauli, malazi na shamba lililoachwa, mtu anaanza kuruka kliniki.

Je, lazima asafiri kila mara? Utafiti wa Southampton, Uingereza, uliochapishwa 2018, ulifuatilia watu wazima 60 kwa miezi 6. Nusu walihudhuria kliniki kama kawaida, nusu walijipima nyumbani. Kundi la nyumbani ndilo lililopiga hatua zaidi katika kujisimamia kiafya.

Kipimo chenyewe ni rahisi: unasikia tarakimu tatu ndani ya kelele, unabonyeza ulizosikia. Hapa ndipo mwalimu anaingia, maana kipimo cha Kiingereza hakimfai mkulima wetu. Kati ya moja na tisa za Kiingereza, saba pekee ina silabi mbili, kwa hiyo unaweza kuikisia kwa urefu tu. Za Kiswahili zote zina silabi mbili, hata nne (n-ne). Hakuna inayojitaja. Tena tatu na tano, nne na nane, zinatenganishwa na sauti chache sana. Kipimo kizuri cha Kiswahili kinahitaji watu wanaoijua lugha, si mafundi wa programu peke yao.

Simu haimalizi kila kitu. Ngozi ikivimba au sauti ikikatika ghafla, ni hospitali moja kwa moja. Na bila umeme, bando na mtu wa karibu wa kumwelekeza, programu ni pambo.

Mtu huyo wa karibu atoke wapi? Tabora ndiko ilikoanzishwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963. Mkoa umezoea kufundisha watoto wasiosikia. Naona mwalimu mmoja na mhudumu mmoja wa afya, wakifunzwa pamoja pale wilayani, wangempunguzia mkulima safari nyingi. Tukienda mafunzo kwa vitendo, tuulize: mtu mzima anayejifunza kusikia upya ni mwanafunzi wa nani?