Kuvuna ni Mwanzo wa Kazi: Kukausha na Kuivisha Bangi ya Nyumbani

Hapa Ontario, sheria iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018 inamruhusu mtu wa miaka 19 na kuendelea kupanda bangi kwa matumizi yake, mradi nyumba nzima isizidi miche minne, hata wakiishi humo watu wazima sita. Miche minne si shamba. Ndiyo maana huniuma kuona mtu ameihangaikia majira yote ya joto, amebishana na wenzake kuhusu mbolea na mbegu, halafu anakata na kuanika siku tatu karibu na hita. Baadaye analalamika kwamba maua yananuka nyasi na yanakwaruza koo. Mbegu haikuwa na kosa. Nusu ya ubora hupatikana baada ya mkasi kupita.

Siku ya kukata haipangwi na kalenda. Mmea ulio nje huanza kutoa maua mwezi Agosti, usiku unapozidi kurefuka, na aina nyingi huku kwetu huiva kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, wakati mvua na baridi kali navyo vinabisha hodi. Dalili ya kwanza ni vile vinywele vyeupe vya maua: hugeuka rangi ya chungwa au hudhurungi na kujikunja. Mimi siishii hapo. Nachukua kioo cha kukuzia na kutazama vitezi vya utomvu, vile vichembe vinavyong'aa. Vikiwa angavu kama maji, bado. Vikishakuwa vyeupe mithili ya maziwa na vichache vimeanza kupata rangi ya kaharabu, nanoa mkasi. Tazama vitezi vilivyo juu ya ua lenyewe, si vya majani madogo yanayolizunguka, kwa sababu vya majani huwahi kugeuka na vitakudanganya ukate mapema. Maua ya juu huiva kabla ya yale ya chini yaliyofunikwa kivuli, kwa hiyo si lazima kuvuna mmea wote siku moja.

Kabla ya kutundika chochote, kagua ukungu. Adui mkubwa wa vuli ni ukungu wa kijivu, Botrytis, unaoanzia ndani kabisa ya ua nene, mahali jicho halifiki. Dalili yake ni jani moja dogo lililonyauka na kuwa la manjano au kahawia katikati ya ua ambalo kwingineko ni la kijani. Livute. Likichomoka bila kushika, pasua ua hapo hapo: utakuta shina limelainika na kuwa la kahawia, na vumbi la kijivu limejaa ndani. Kata sehemu hiyo na eneo pana kuizunguka, itie kwenye mfuko, funga, tupa. Usijaribu kuiosha wala kuikausha ukidhani moto utaua kila kitu. Kuvu wengine, hasa jamii ya Aspergillus, wanaweza kuingia mapafuni pamoja na moshi, na kwa mtu mwenye kinga dhaifu hilo ni jambo la hospitali.

Kilichobaki nakikata matawi matawi, naondoa majani mapana, na kuyaacha yale madogo yaliyo ndani ya ua ili yapunguze kasi ya kukauka. Hapa sisi tuliokulia pwani tunapaswa kusahau tulichozoea. Karafuu huanikwa kwenye majamvi, jua likawaka, mambo yakaisha. Bangi haitaki jua hata kidogo. Mwanga na joto huvunja kiambata chake kikuu, THC, na mafuta yanayobeba harufu hupotea hewani. Inataka giza, nyuzi 15 hadi 20 za sentigredi, na unyevu wa hewa wa asilimia 55 hadi 60. Chumba cha chini ya nyumba kinafaa sana, ukiwa na kipima unyevu cha bei nafuu na feni ndogo inayoelekezwa ukutani. Feni ikipuliza maua moja kwa moja, ganda la nje litakauka na ndani kubaki mbichi. Matawi yasigusane.

Kazi hiyo huchukua siku 10 hadi 14, na maua hupoteza takriban robo tatu ya uzito wake. Kipimo changu ni kijiti chembamba kinachobeba ua: kikikunjwa bila kuvunjika, subiri, kikivunjika kwa mlio, muda umefika. Sasa ndipo napunguza majani madogo, nikiwa nimevaa glavu, na mkasi naufuta kwa spiriti kila unapoanza kunata.

Halafu kuna kuivisha, hatua inayorukwa na wengi na ambayo naipenda kuliko zote. Maua huingia kwenye chupa za kioo zenye mdomo mpana, robo tatu ya chupa tu, na kipima unyevu kidogo ndani. Baada ya saa 24 kisome. Kikionyesha zaidi ya asilimia 65, toa maua yote na uyatandaze tena kwenye karatasi. Kati ya 58 na 62 ni pazuri. Wiki ya kwanza fungua asubuhi na jioni kwa dakika kumi, wiki ya pili mara moja kwa siku, baada ya hapo mara moja kwa wiki. Kila ufunguapo, nusa kwanza. Harufu kali inayochoma pua, kama ya mkojo uliolala, maana yake unyevu umezidi na bakteria wameanza kazi. Toa maua upesi. Mambo yakienda sawa, ile harufu ya nyasi huondoka kidogo kidogo na harufu halisi ya mmea hujitokeza. Wiki nne zinatosha, nane ni bora zaidi.

Masalia ya majani unaweza kuyapika kwenye siagi. Usijaribu kuyakamua kwa gesi ya butane: sheria ya Kanada inakataza, na majiko ya watu yamelipuka kwa sababu hiyo. Chupa zibandike tarehe, zikae gizani kwenye kabati lenye kufuli, mbali na watoto.

Na wewe unayejiandaa kwenda likizo nyumbani: kuvuka mpaka wa Kanada na bangi ni kosa la jinai, uwe unatoka au unaingia, na Tanzania na Kenya kukutwa nayo ni kesi inayoweza kukufunga. Kabla ya kufunga sanduku, kagua mifuko ya koti na mkoba wako wa mkononi mpaka chembe ya mwisho.