UTABIRI WA MVUA NA MIPANGO YA MAENDELEO: HABARI IPO, MBONA HAIFIKI?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Dalili ya mvua ni mawingu: hivyo ndivyo tunavyoandika katika insha zetu tangu shule ya msingi. Lakini mawingu hutoa habari ya saa chache tu. Mkulima anayetaka kujua anunue mbegu gani, mhandisi anayejenga daraja, na karani wa shule anayeagiza mahindi na maharagwe ya muhula mzima, wote hao wanahitaji habari ya miezi na hata miaka. Je, habari hiyo ipo? Ipo. Swali la somo letu ni kwa nini mara nyingi haimfikii anayeihitaji, au ikimfikia haimsaidii, na sisi wanachama wa Kiswahili tunahusika vipi.

Msidhani ni jambo la mbali. Mwaka 2024 muhula wa pili ulipangiwa kuanza tarehe 29 Aprili. Alfajiri ya siku hiyohiyo maji yaliyokuwa yamezuiliwa yalifumuka karibu na Mai Mahiu, yakazoa nyumba na watu usingizini. Ufunguzi wa shule uliahirishwa, ukaahirishwa tena, na tulirudi darasani tarehe 13 Mei. Baadhi ya shule zilikuwa zimegeuka kambi za waliohama makwao. Masika ya mwaka huo yaliua zaidi ya watu 250 nchini Kenya. Si mchezo.

1. Hali ya hewa si tabianchi

Tuanze na msamiati, maana ndio shamba letu. Hali ya hewa ni mambo ya leo na kesho: jua, mvua, upepo, baridi. Tabianchi ni tabia ya mahali iliyotazamwa kwa miaka mingi, kwa kawaida 30. Mtu anaweza kukasirika leo akacheka kesho, lakini ukitaka kujua tabia yake sharti ukae naye. Wastani wa mvua unaotumika sasa duniani hupigwa kwa vipimo vya 1991 hadi 2020. Kwa hivyo redio ikisema "mvua itakuwa juu ya wastani", inalinganisha msimu ujao na miaka hiyo 30, si na mwaka jana.

Huduma za habari za tabianchi, basi, ni kazi ya kuchukua vipimo hivyo na kuvigeuza kuwa ushauri ambao mtu anaweza kuamulia jambo. Mwaka 2009 mataifa yalikutana Geneva yakakubaliana kuwa na mfumo wa dunia nzima wa huduma hizi. Mbali na hapo, sisi huku Pembe ya Afrika tulikuwa tumekwisha anza. Tangu 1998 wataalamu wa nchi zetu hukutana kabla ya misimu ya mvua ili watoe utabiri mmoja wa eneo zima. Mikutano hiyo huandaliwa na kituo cha IGAD kiitwacho ICPAC, hapa Kenya. Halafu Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, yenye makao yake Dagoretti Corner, Nairobi, hutoa utabiri wa nchi yetu.

2. Mnyororo wenye pete nne

Huduma hii ni kama mnyororo wa pete nne: kupima, kutabiri, kueleza na kutenda. Pete moja ikikatika, mnyororo mzima ni bure.

(a) Kupima. Mvua hupimwa kwa kipimamvua, na kila siku saa tatu asubuhi mtu huenda kusoma. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Kazi hii ni rahisi, lakini haina likizo. Siku isiyo na mvua huandikwa sifuri. Siku ambayo mpimaji hakwenda huachwa wazi. Wenzangu, pengo si sifuri! Anayeandika sifuri kwa uvivu anaidanganya nchi, kwa sababu miaka ishirini baadaye mhandisi atapima ukubwa wa kalvati kwa takwimu hizohizo. Nchi nyingi za Afrika zina vituo vichache mno kulingana na ukubwa wake, na vingine vimekufa. Setilaiti husaidia, lakini nayo huhitaji vipimo vya ardhini ili isahihishwe.

(b) Kutabiri. Mvua ya vuli, Oktoba hadi Desemba, hutegemea sana joto la bahari mbili. Ya kwanza ni Pasifiki. Maji ya katikati na mashariki yake yakipata joto kupita kawaida, huitwa Elnino, jina walilolitoa wavuvi wa Peru kwa Mtoto Yesu, maana joto hilo huonekana karibu na Krismasi. Ya pili ni bahari yetu ya Hindi. Upande wa huku kwetu ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa nzito. Mwaka 1997 bahari zote mbili zilishirikiana, na barabara na madaraja yakazolewa mpaka neno Elnino likaingia vinywani mwa kila mtu. Mwaka 2015 Pasifiki ilichemka sana, lakini mvua haikufikia ile ya 1997, na watu wakasema, "Ati wametudanganya." Mwaka 2019 Bahari ya Hindi ndiyo iliyoleta gharika, na maporomoko ya Pokot Magharibi yakaua makumi ya watu. Kumbe Elnino peke yake haitoshi kueleza kila kitu.

(c) Kueleza. Hapa ndipo penye kazi yetu, nami nitarudi.

(d) Kutenda. Utabiri usiobadilisha uamuzi wa mtu yeyote ni karatasi tu.

3. "Mwanangu, hiyo wastani ni nini?"

Tuseme afisa wa kaunti amekuja barazani na karatasi yake. Anasoma kwamba uwezekano wa mvua kuwa juu ya wastani ni asilimia 45, karibu na wastani asilimia 35, na chini ya wastani asilimia 20. (Tarakimu hizi ni za mfano.) Mzee mmoja anasimama: "Mwanangu, nimekusikia. Sasa niambie, mvua itanyesha au hainyeshi?"

Mzee hakukosea kuuliza. Aliyekosea ni aliyedhani amekwisha eleza. Angeweza kusema hivi: "Mzee wangu, tungekuwa na misimu 100 inayofanana na huu, 45 ingekuwa na mvua nyingi, 35 ya kadiri, na 20 ingekuwa mikavu. Kwa hivyo jiandae kwa mvua nyingi, lakini usiweke mayai yote..." La! Hata hiyo si ya kwetu. Aseme hivi: "Lakini akiba haiozi, acha kipande cha shamba kwa mtama na pojo." Mzee angeelewa papo hapo, kwa sababu amelima maisha yake yote akigawanya hatari namna hiyo. Ukambani watu wameijua siku nyingi mbegu ya mahindi ya Katumani, inayokomaa upesi kabla mvua haijakatika.

Tazameni pia neno "utabiri" lenyewe. Kwa watu wengi mtabiri ni jirani wa mpiga ramli: akikosea mara moja, ni mwongo. Ilhali mtaalamu hatoi ramli, anatoa uwezekano. Asilimia 20 ni misimu 20 katika 100, nayo lazima itokee mara mojamoja. Neno "wastani" nalo linaficha mengi. Mvua ya msimu inaweza kuwa ya wastani kwa jumla, lakini ikanyesha yote wiki mbili kisha ikakatika mahindi yakiwa magotini. Mkulima hali wastani. Anataka kujua mvua itaanza lini, itakatika lini, na katikati kutakuwa na kiangazi cha siku ngapi.

4. Sauti mbili huleta mashaka

Mwaka 2023 ni funzo. Miezi ya Agosti na Septemba wataalamu walitoa tahadhari ya vuli nzito yenye Elnino. Mwanzoni mwa Oktoba wananchi wakaambiwa kwamba Elnino kali haitakuwepo. Wengi walishusha pumzi, na waliokuwa wameanza kuzibua mitaro wakaweka majembe chini. Kufika Desemba mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 na kuhamisha mamia ya maelfu, hasa kaskazini na pwani. Mtu anaweza kubishana juu ya jina, lakini maji hayaulizi jina. Funzo ni kwamba habari ya tabianchi ikishatoka kwa mtaalamu, isipunguzwe makali njiani ili ipendeze masikio.

5. Mpango na msimu havipatani

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kila kaunti kati ya 47 huandika mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Huu wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Bajeti ya mwaka huanza tarehe 1 Julai. Lakini utabiri wa vuli hutoka mwisho wa Agosti au mapema Septemba, pesa zikiwa zimekwisha gawanywa. Mtu atasema, "Habari ni nzuri, lakini hakuna fungu lake." Dawa yake ni nini? Ni kukubaliana mapema, kabla ya msimu: utabiri ukifika kiwango fulani, jambo fulani litafanywa bila kuita mkutano mwingine. Mitaro izibuliwe, dawa za mifugo zipelekwe, watu wa mabondeni wahamishwe. Tahadhari kabla ya hatari, hivyo ndivyo alivyosema mhenga.

Tukumbuke pia umeme. Mwaka 2000 nchi yetu ilikatiwa umeme kwa zamu, kwa sababu mabwawa ya Mto Tana yalikuwa yamekauka kwa ukame. Wakati huo sehemu kubwa ya umeme ilitokana na maji. Tangu hapo mvuke wa Olkaria umepanuliwa sana, na hiyo ni mipango iliyosikiliza tabianchi. Na kule Marsabit, mwaka 2010, ilianzishwa bima ya mifugo inayotazama malisho kwa setilaiti: nyasi zikipungua kupita kiasi kilichokubaliwa, mfugaji hulipwa, hakuna haja ya kuhesabu mizoga.

6. Waliofaulu walifanyaje?

Nchini Mali, tangu 1982, wataalamu wa hali ya hewa walianza kufanya kazi pamoja na wakulima. Wakulima walipewa vipimamvua, wakasoma wenyewe, na ushauri wa siku za kupanda ukatangazwa redioni kwa lugha wanazozungumza nyumbani. Mkulima hakuwa msikilizaji tu, alikuwa mpimaji.

Hapa kwetu, katika Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umesifika vizazi na vizazi kwa kusoma mvua kutokana na miti, ndege na wadudu. Wataalamu wa kisasa waliketi na wazee hao, wakalinganisha utabiri wao kabla ya msimu, kisha wakautangaza kwa pamoja. Watu waliosita kuamini karatasi ya Nairobi waliisikiliza kwa sababu ilipitia kwa wazee wao.

Siri katika mifano yote miwili ni moja: habari ilipita kwa lugha na watu wanaoaminiwa.

7. Sisi tufanye nini?

Kwanza, shule yetu iwe na kipimamvua, mahali pa wazi mbali na miti na nyumba, na zamu ya kusoma iwekwe kama zamu ya kengele. Likizo ikifika, mlinzi au mwalimu anayeishi shuleni aombwe asaidie, ili daftari lisiwe na mapengo.

Pili, tuhesabu. Bweni lenye paa la mita 30 kwa 10 lina mita 300 za mraba. Mvua ya milimita 20 hulipa lita 6,000, ukiondoa zinazopotea. Tukijua mvua ya wastani ya msimu, tutajua tangi la ukubwa gani linafaa, badala ya kukisia kisha tukabeba ndoo mtoni.

Tatu, na hili ni letu hasa, utabiri wa msimu ukitoka, Chama cha Kiswahili kiuandike upya kwa maneno yanayoeleweka, kiusome gwarideni, na kila mmoja aende nao nyumbani. Tusiseme "uwezekano ulioongezeka wa mvua kupita kiwango". Tuseme wazi ni nini, wapi, lini, na afanye nini anayesikia. Lugha isiyoeleweka siku ya hatari ni sawa na kengele isiyo na ulimi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini yanayokuja yanaweza kutengewa njia, na yakahifadhiwa.

MASWALI YA ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya hali ya hewa na tabianchi kwa mfano wako mwenyewe.
2. "Pengo si sifuri." Fafanua.
3. Paa la darasa lina mita 160 za mraba. Mvua ya milimita 35 italeta lita ngapi?
4. Utabiri unasema uwezekano wa msimu kuwa mkavu ni asilimia 20, na msimu ukawa mkavu. Je, watabiri walidanganya? Jadili.
5. Andika tangazo la maneno yasiyozidi 50 la kumwambia nyanya yako kwamba masika huenda yakachelewa, na afanye nini.