Marahaba ya Simu Haitoshi

Kariakoo ilijulikana kwa nyumba za Kiswahili zenye baraza mbele. Mzee aliketi barazani, akaamkiwa na wapitao. Siku asipoonekana, jirani alibisha hodi. Leo nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa, yakapandishwa maghorofa, chini maduka na juu makazi. Mzee wa ghorofa ya nne, asiye na nguvu za kushuka ngazi, hapitiwi na mtu. Watoto wake huenda wako Mbeya au Oman, nao humtunza kwa simu. Tangu mwaka 2008 hata fedha hutumwa kwa njia hiyo. Ni jambo jema, lakini fedha haipandi ngazi kumjulia mtu hali. Basi tujifunze mambo matatu.

Kwanza, maamkizi yetu huficha shida. “Shikamoo” huitikiwa “Marahaba”, na “Hujambo” hujibiwa “Sijambo”, hata na mtu ambaye hajala tangu jana. Ndiyo adabu aliyofunzwa. Afadhali kuuliza: Umekula nini leo? Vidonge vimebaki vingapi? Nani alikuja kuzungumza nawe juma hili? Swali la mwisho lisidharauliwe, kwa kuwa upweke nao hudhoofisha afya.

Pili, yako maradhi yasiyosikika katika sauti. Shinikizo la damu laweza kupanda pasipo dalili yoyote. Halijulikani ila kwa kupimwa. Lakini maneno ya mzee yakianza kukokoteka ghafula, hiyo yaweza kuwa dalili ya kiharusi, naye apelekwe hospitali mara moja. Je, atapelekwa na nani, ikiwa mwana yuko mbali?

Kwa hiyo, tatu, kila simu ya mbali iwe na jirani wa karibu. Mzee mwenyewe achague watu wawili anaowaamini, wa nyumba ile ile au wa jumuiya ndogo ndogo. Namba zao ziandikwe ukutani kwa tarakimu kubwa. Pawe na saa maalumu ya kupiga. Simu isipopokewa mara mbili, jirani apande. Wala gharama zisimwelemee jirani huyo: nauli na dawa ni wajibu wa watoto.

Jumapili hii, kabla hujakata simu, mwulize mzazi wako: “Ukiita sasa hivi, nani atafika?” Akinyamaza, umekwisha kujua kazi yako ianzie wapi.