Chozi wa Babati na Ndege-Mvumaji wa Amerika: Je, ni Ndugu?

Mwanafunzi wa Babati amtazamapo chozi kwenye ua la mshubiri, chini ya Mlima Kwaraa, huona ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda na manyoya yang'aayo kama madini. Katika vitabu vya ng'ambo hukuta picha ya ndege afananaye naye, aitwaye ndege-mvumaji kwa sababu ya mvumo wa mabawa yake. Ni rahisi kudhani kwamba hao ni ndugu. Sivyo.

Ndege-wavumaji wana spishi zaidi ya 350, na wote huishi katika mabara ya Amerika tu. Jamaa zao wa karibu ni teleka. Chozi, wa familia ya Nectariniidae, huishi Afrika, Asia na Australia, nao wamo katika oda moja na shomoro na kwera. Mababu wa koo hizi mbili walitengana makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita.

Mbona basi wanafanana? Sababu ni kazi yao. Wote hunywa mbochi, yaani maji matamu yaliyo ndani ya ua. Katika kila ukoo, ndege wenye midomo na ndimi za kufaa walipata chakula kwa urahisi, wakaacha watoto wengi zaidi. Mageuko ya namna hii huleta mfanano pasipo udugu wa karibu.

Hata hivyo, tofauti huonekana ndege wanapokula. Bawa la ndege-mvumaji huzunguka begani, likasukuma hewa linaposhuka na linapopanda pia. Kwa hiyo huelea mbele ya ua, hata kurudi kinyumenyume. Spishi ndogo hupiga mabawa mara 80 hivi kwa sekunde. Chozi aweza kuelea kwa muda mfupi, lakini kwa kawaida hutua kwenye shina, kisha huinama anywe.

Kamera huongeza somo jingine. Mpiga picha akilipa jua mgongo, koo la chozi dume hung'aa. Mwanga ukitoka nyuma ya ndege, dume huyohuyo huonekana mweusi. Mng'ao huo hautokani na rangi pekee, bali na tabaka nyembamba ndani ya manyoya zinazorudisha mwanga kwa pembe maalumu. Kwa hiyo picha moja haitoshi kutambua spishi.

Zoezi: Wanafunzi wachague kichaka kimoja chenye maua, wakae mbali kidogo kwa utulivu asubuhi, pasipo kusogelea kiota. Kwa muda wa nusu saa waandike ni mara ngapi chozi ametua na ni mara ngapi ameelea. Darasani walinganishe hesabu zao, kisha wajibu: je, umbo peke yake lingaliwaonyesha ukoo wa ndege huyu?