Kumgeuza Mgonjwa Asiyeweza Kujigeuza

Mgonjwa wa kiharusi au aliyevunjika nyonga akiruhusiwa kurudi nyumbani, ndugu hutoka wodini na mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki. Kuanzia siku hiyo wao ndio wauguzi, na ngozi ya mgonjwa itawadai kazi kuliko vidonge.

Mtu mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujua. Asiyeweza, uzito wa mwili hubana nyama iliyo kati ya mfupa na godoro, damu haipiti vizuri, na nyama huanza kufa. Kidonda cha kulalia kinaweza kuanzia ndani hivyo, kabla ngozi haijapasuka. Florence Nightingale aliandika mwaka 1859 kwamba kidonda hiki kwa kawaida ni kosa la uuguzi, si la ugonjwa. Kwa binti anayemuuguza mama yake peke yake usiku kucha, kauli hiyo ni ya kuonea. Hata hivyo, vingi vya vidonda hivi huzuilika.

Kanuni ya kuanzia ni kumgeuza kila baada ya saa 2: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Bandikeni karatasi ukutani, kila aliyemgeuza aandike saa na upande, maana mnapopokezana zamu kila mmoja hudhani mwenzake ameshafanya. Akiwa ubavu, asilalie mfupa wa nyonga wenyewe. Mwekeeni mto mgongoni aegemee nusunusu, na mwingine katikati ya magoti. Mto wa miguu ukae chini ya vigimbi, visigino vibaki hewani. Na asiburutwe: watu wawili washike shuka lililokunjwa chini yake, wamnyanyue kwa pamoja.

Kila siku mkimwogesha, kagueni juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko, mabega, kisogo na masikio. Maelekezo mengi yanasema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza usionekane kabisa. Tafuteni doa lililokoza kuliko ngozi ya jirani au lenye zambarau, kisha papaseni: pana joto au ubaridi usio wa kawaida? Pamekuwa pagumu, au panabonyea? Linganisheni na upande wa pili. Mkiona dalili, asipalalie tena, wala msipakande. Kukanda huumiza zaidi nyama iliyokwisha dhoofika.

Mkojo na kinyesi hulainisha ngozi ikachubuka upesi. Msafisheni mara tu anapojichafua, mkausheni kwa kubonyeza kitambaa bila kusugua, mpakeni mafuta ya mgando. Wapo wanaompunguzia mgonjwa maji ili asilowe mara kwa mara. Hilo humletea kufunga choo na maambukizi ya mkojo, na ngozi yenyewe hukauka. Kama daktari hakuweka kikomo, anywe vya kutosha.

Chakula nacho hujenga ngozi: mayai, maharage, dagaa, maziwa. Aketishwe wima anapokula, alishwe kwa kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo apewe kingine, na asilazwe hadi ipite nusu saa hivi. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa kama ina maji kooni, acheni kumlisha mkamwone mtaalamu, kwani chakula kinaweza kuwa kinaingia kwenye mapafu.

Ngozi ikishapasuka, msimwagie spiriti wala unga wa vidonge vya kapsuli, ingawa majirani watawashauri hivyo kwa nia njema. Funikeni kwa kitambaa safi, mwoneni muuguzi awaonyeshe namna ya kusafisha kidonda. Kidonda kikinuka, kikitoa usaha, kikiwa cheusi au mfupa ukionekana, au mgonjwa akipata homa ya nyuzi 38 na kuendelea ama akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.